Somo: Mtu Aliyeachiliwa

Mwezi huu twataka kutazama jambo linalotia uchungu katika nchi ya Tarime na Serengeti. Tuseme mtu ameibiwa ng'ombe usiku. Majirani wamefuata nyayo mpaka alfajiri, wamemshika mtu, wamempeleka polisi. Baada ya majuma machache mtu yule yule aonekana sokoni. Watu husema, "Serikali imemwachilia, sasa ni kazi yetu." Yowe hupigwa, mawe huokotwa, na kabla ya jua kutua mtu amekufa. Je, haki imetendeka? Na tuchunguze neno hili kwa utaratibu.

1. Hasira hii imetoka wapi?

Wizi wa ng'ombe katika Ukuria ni jambo la zamani. Lakini baada ya vita ya Uganda ya 1978 na 1979 bunduki zilienea, na ng'ombe wakaibwa ili wauzwe, hata ng'ambo ya mpaka wa Kenya. Polisi walikuwa wachache, mahakama zilikuwa mbali, na mara nyingi rushwa ilishinda ushahidi. Watu wakachoka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa wameanzisha sungusungu, yaani ulinzi wa wanakijiji wenyewe. Mwaka 1989 sheria ikawapa walinzi hao uwezo kama wa mgambo. Katika miaka ya 1990 desturi hiyo ilishika Tarime na Serengeti, ikaungana na baraza la kale la Wakuria liitwalo iritongo. Mwaka 1998 Wakuria wa Kenya nao wakaipokea.

2. Mema yake na mabaya yake

Haifai kulidharau baraza hilo. Shauri lilinenwa mbele ya watu, si gizani. Aliyeibiwa alidaiwa fidia yake. Mwizi aliyekiri, akalipa, akaahidi kuacha, aliweza kurudi kwa watu wake. Lakini fimbo nayo iliingia barazani, na mtu achapwaye hukiri hata asilolitenda. Tena mwenye adui aweza kumtaja adui yake. Fidia iliyotozwa kwa makosa yaweza kurudishwa, lakini aliyeuawa hana rufani.

3. Kuachiliwa ni nini?

Hapa wengi hukosea, kwa sababu kuachiliwa si kwa namna moja. Kuna mtu aliye nje kwa dhamana: kesi yake haijakwisha. Kuna aliyeachiliwa kwa kuwa mashahidi hawakufika: pengine kosa hilo ni letu tuliobaki nyumbani. Kuna aliyemaliza kifungo chake: huyo amekwisha kulipa. Kuna aliyesamehewa na Rais, kama ibara ya 45 ya Katiba ilivyompa Rais uwezo. Na kuna asiye na hatia tangu mwanzo. Kundi lenye mawe haliulizi huyu ni yupi katika hao watano.

4. Sheria yasemaje?

Katiba, katika ibara ya 13, yakataza kumtendea mshtakiwa kama mkosaji kabla ya kuthibitika kosa lake. Na ibara ya 14 yalinda uhai wa kila mtu. Raia aweza kumshika mhalifu, lakini hana budi kumpeleka polisi bila kukawia. Nao wauao kwa nia moja huhesabiwa wote kuwa wauaji, wala hapati udhuru asemaye, "Mimi nilitupa jiwe moja tu."

Hata katika sheria ya Musa, Kutoka sura ya 22, twaona tofauti hii: mwizi aliyepigwa akafa alipokuwa akivunja nyumba usiku, aliyempiga hana hatia ya damu; lakini jua likiisha kupanda, ana hatia. Maana mchana hofu imepita, na njia ya hukumu iko wazi. Basi kumwua mtu majuma mengi baada ya wizi kutaitwaje kujilinda?

5. Yatupasa kufanya nini?

Tukiitwa kutoa ushahidi Tarime au Mugumu, twende, hata kama siku ya kulima imepotea. Mwenye mifugo azijue alama za ng'ombe wake, azitaje mbele ya hakimu. Mtu akiachiliwa, wazee wawili au watatu waende kuuliza sababu, kisha wairudishe habari kijijini kabla uvumi haujatangulia. Pakiwa na rushwa, na ipelekwe habari kwa TAKUKURU. Naye atokaye gerezani apokewe na jamaa zake mbele ya wazee, aseme atafanya kazi gani, apewe jembe. Kwa maana mtu asiye na mahali pa kulala hurudi kwa wezi wenzake.

Twajua maneno haya ni mazito kwa yule ambaye zizi lake ni tupu. Hatumwambii kwamba hasara yake ni ndogo. Twamwambia kwamba damu haitamrudishia ng'ombe hata mmoja, bali yaweza kuwaachia watoto wake kisasi kisichokwisha.

Maswali ya kujifunza

1. Taja namna tano za mtu aliyeachiliwa.
2. Ni jambo gani jema katika iritongo lifaalo kushikwa hata leo?
3. Katika kijiji chenu, ni nani aendaye mahakamani kuuliza habari kabla ya watu kukasirika?