Kirilo Japhet, mkulima wa Meru

Ukitoka kwetu Pangi kuelekea mashariki, ukavuka ziwa Tanganyika, ukaenda tena safari ndefu, utafika mlima Meru, karibu na mji wa Arusha. Watu wa hapo wanalima kahawa na ndizi, wanafuga ng'ombe. Kirilo Japhet alikuwa mmoja wao.

Wakati ule Waingereza walitawala Tanganyika. Mwaka 1951 serikali yao ilitaka mashamba ya Ngare Nanyuki yawe ya Wazungu wafugaji. Wameru walikataa. Basi, mwezi wa Novemba askari wakaja. Wakachoma nyumba, wakafukuza watu karibu 3000 pamoja na mifugo yao.

Wameru hawakushika mikuki. Walichanga feza, wakamtuma Kirilo mpaka New York, katika Marekani, kwenye baraza la Umoja wa Mataifa. Mwaka 1952 alisimama mbele ya wakubwa wale, pamoja na wakili Earle Seaton, akaeleza namna walivyonyang'anywa udongo wao. Fikirini, watoto: kabla yake hakuna Mwafrika wa Tanganyika aliyesema pale!

Je, walirudishiwa? Hapana, si wakati ule. Wajumbe wengi walikubali maneno yake, lakini sheria ilitaka theluthi mbili, nao hawakutimia.

Kirilo akarudi kwao. Mwaka 1953 alizunguka Tanganyika, akisimulia habari ile katika mikutano. Mwaka 1954 chama cha TANU kikaanzishwa, na wengi walikuwa wamekwisha kusikia habari za Ngare Nanyuki.

Maulizo: Wameru walifukuzwa mwaka gani? Nani alilipa safari ya Kirilo?