Bakteria walinzi wa soseji: somo kutoka Ureno

Wafanyabiashara wenzangu, leo nawaletea somo la chouriço, soseji ya asili ya Ureno. Ni nyama ya nguruwe, chumvi, kitunguu saumu na paprika, kisha inakaushwa kwa moshi.

Wengi hudhani chumvi na moshi vinatosha. Havitoshi kila mara. Kuna bakteria anaitwa Listeria: anavumilia chumvi na anazaliana hata ndani ya friji. Akimpata mjamzito, mimba inaweza kuharibika.

Kinga mojawapo ni bakteria wazuri, mfano Latilactobacillus sakei (zamani Lactobacillus sakei), jamii moja na wale wanaogandisha mtindi. Wanachanganywa kwenye nyama mbichi. Wanakula sukari, wanatoa asidi, wanamnyima Listeria nafasi, na baadhi yao hutoa protini inayomuua.

Ila nisikudanganye: hawasafishi nyama chafu. Mikono, visu na meza kwanza!

Unauza chakula mtandaoni? Mimi nakushauri umuulize anayekutengenezea: "Unazuiaje vijidudu?" Asipokuwa na jibu, usichukue mzigo. Mteja haoni bakteria kwenye picha. Anakuamini wewe.