Mkato wa Mstari katika Seli: Funzo kutoka Funzi

Makala haya yanajadili namna ya kuingiza na kuondoa mikato ya mistari ndani ya seli za lahajedwali, kwa kurejelea utenzi. Haja hii ilinijia nilipokuwa nikinakili tungo za Kichifundi nilizorekodi Funzi, kisiwa kilichoko kusini mwa Msambweni. Kila ubeti niliuweka katika seli moja ya Excel.

Ubeti wa utenzi una vipande vinne. Kipande kimoja kikiisha, bonyeza Alt na Enter pamoja. Enter pekee itakuhamishia seli nyingine.

Ili kuondoa mikato, bonyeza Ctrl+H, kisha Ctrl+J katika nafasi ya kutafutia. Hutaona kitu, ila alama imo. Nafasi ya kubadilishia nami niliiacha tupu. Neno la mwisho la kila kipande likagandana na la kwanza la kipande kifuatacho, na vina vikamezwa. Ilinibidi nisikilize rekodi zote upya.

Njia salama ni kuandika katika safu ya pembeni:

=SUBSTITUTE(A2,CHAR(10)," / ")

Nakala asilia hubaki, na mkwaju hulinda mpaka wa kipande. Ukitaka kurejesha mikato, badilishana nafasi za CHAR(10) na " / ", kisha uruhusu maandishi yakunjwe ndani ya seli.

Waandishi wa miswada ya hati za Kiarabu nao waliweza kuandika ubeti mzima katika mstari mmoja, wakitenga vipande kwa alama. Mstari waweza kuondolewa. Mpaka wa kipande usipotee.