Namba Yako katika Simu ya Mdaiwa

Aghalabu mtu hushtuka apokeapo simu ya asiyemjua, akaambiwa kwa ukali kwamba fulani, ambaye ni binamu yake au pengine fundi aliyemtengenezea mlango mwaka juzi, amekopa fedha kwa programu ya simu na hajalipa, basi amhimize alipe. Ilhali yeye hakuwa mdhamini, hakutia saini, wala habari ya mkopo huo hakupata kuisikia. Namba yake ilitolewa katika orodha ya majina iliyomo katika simu ya mdaiwa, ambaye, kwa dhiki iliyomshika siku ile, aliombwa ruhusa na programu akabonyeza kukubali pasipo kusoma.

Ridhaa ile ilikuwa ya mdaiwa peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, inayoitilia nguvu haki ya faragha iliyomo katika kifungu cha 31 cha Katiba, humlinda mtu katika habari zinazomhusu hata zikiwa zimetoka katika simu ya mwingine. Na anayedai kwamba alipewa idhini ya kuzitumia ndiye apasaye kuithibitisha. Tena kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zimemharamishia mkopeshaji wa kidijitali kuingia katika orodha ya namba za mteja kwa minajili ya kuwapelekea watu ujumbe deni linapochelewa, kama zilivyokataza vitisho na matusi. Deni lenyewe halifutiki kwa hayo, mdaiwa asijidanganye.

Mpiga simu usimtukane, ijapokuwa amestahili. Muulize jina la kampuni, andika tarehe na saa, hifadhi ujumbe wake, kisha mwandikie mkopeshaji akueleze namba yako ameipata wapi, na aache kuitumia. Akikaidi, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Data, ambayo sheria imeipa siku 90 kuyachunguza na kuyamaliza. Na aliyepata hasara, au hata uchungu wa moyo tu, aweza kudai fidia. Mwaka 2023 Kamishna aliitoza Mulla Pride, kampuni yenye programu za KeCredit na Faircash, shilingi 2,975,000, kwa kutumia majina na namba zilizopatikana kwa watu wengine kupeleka ujumbe wa vitisho.

Nawe uliyekopa, fungua mipangilio ya simu yako uiondolee programu ruhusa ya kusoma majina. Lakini yale yaliyokwisha kuchukuliwa hayarudi kwa kubonyeza, hivyo mwandikie mkopeshaji ayafute, nawe ubaki na nakala ya barua.