SOMO LETU: Rangi Iliyofichika Katika Damu

Ndugu wanakikundi, tuseme mbuzi mweupe wa kikundi amepandwa na beberu mweupe, halafu anazaa mtoto wa kahawia. Hapo lawama huanza: nani aliyemruhusu beberu wa jirani kuingia zizini usiku? Kabla hamjamtoza mtu faini, fanyeni jaribio hili.

Chukueni vikombe viwili, kimoja beberu, kingine mama. Tieni katika kila kikombe haragwe moja jeupe na moja la kahawia. Kila mnyama ana mbegu mbili za rangi, moja ya baba na moja ya mama, naye humpa mtoto moja tu. Kwa mbuzi, kwa kawaida weupe huifunika rangi nyingine. Haya, fumbeni macho, toeni haragwe moja kila kikombe, andikeni, rudisheni, toeni tena. Fanyeni hivyo mara arobaini. Mtaona karibu mara moja katika kila nne yanatoka mawili ya kahawia. Huyo ndiye mtoto wenu, na wazazi wote ni weupe! Labda beberu wa jirani alipita kweli, lakini rangi peke yake si ushahidi.

Kuna wanyama ambao kwao weupe ndio unaojificha. Wafugaji wa zebra finchi, wale ndege wadogo wa Australia wanaofugwa vizimbani, hupata kinda mweupe kwa wazazi wawili wa kijivu. Na hapa kwetu Garissa twiga weupe wa hifadhi ya jamii ya Ishaqbini walijulikana dunia nzima mwaka 2017. Hawakuwa zeruzeru, maana macho yao yalikuwa meusi. Machi 2020 hifadhi ilitangaza kwamba jike na mtoto wake wameuawa na majangili. Akabaki dume mmoja, naye Novemba 2020 akafungwa kifaa cha kuonyesha alipo.

Sasa, mtu akipata kuku wa rangi adimu hutamani wengi upesi, basi anampandisha na ndugu yake. Tunasema msifanye hivyo. Rangi haijifichi peke yake, udhaifu nao hujificha vilevile, na ndugu wawili huwa wamerithi udhaifu uleule. Ndipo mayai hayaanguliwi, vifaranga wanadhoofika, na watu wanasingizia jicho baya. Mpandisheni na kuku wa boma lingine. Vifaranga watatoka wa kawaida, lakini msiwauze, kwa sababu rangi wanayo ndani.

Beberu naye abadilishwe na kikundi kingine kabla binti zake hawajaanza kupandwa. Bila daftari hamtajua binti ni yupi, kwa hiyo andikeni mama, baba na tarehe.

Swali la mkutano ujao: yule mtoto wa kahawia akikua, apandwe na beberu mwenye mbegu mbili nyeupe, atazaa rangi gani? Msibishane, leteni maharagwe.