Nimefiwa na mama, kimbilio langu ni kitabu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tanga. Mwaka jana nilimuuguza mama yangu mpaka akafariki. Usiku, nikikesha naye wodini, nilikuwa nasoma vitabu vitatu vya Tolkien, The Lord of the Rings, ambavyo nilivipenda tangu nikiwa sekondari. Tulipotoka kuzika nikaanza tena ukurasa wa kwanza. Nikifika mwisho narudia. Watoto wakishalala nafungua kitabu, na hapo tu ndipo kifua changu kinapolegea.

Mume wangu anasema mtu mzima hasomi hadithi za majitu na vijitu. Mwenzangu wa kanisani naye ameniambia vitabu vya uchawi vinaita mapepo. Baba yuko Lushoto peke yake. Tangu arobaini sijapanda kumwona, kila wiki linatokea jambo. Je, nina tatizo? Niache kusoma?

Mfiwa, Tanga

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Kumuuguza mzazi mpaka mwisho kunachosha mwili na roho, na matanga yakishaanuliwa watu hutawanyika, mfiwa akabaki na usiku wake.

Usiache kusoma. Nalitanguliza hili ili upumue, maana barua yako imeandikwa na mtu anayengoja kuhukumiwa.

Mwandishi wako aliujua msiba kabla hajaota ndevu. Alipoteza baba akiwa na miaka minne. Mwaka 1904 mama yake akafa kwa kisukari, enzi ambazo dawa ya insulini ilikuwa bado haijagunduliwa, na mtoto ana miaka 12. Padri mmoja wa Birmingham ndiye aliyewalea yeye na mdogo wake. Mwaka 1916 akapelekwa kupigana Somme, Ufaransa, akarudishwa Uingereza akiwa mgonjwa wa homa ya mahandaki. Vita vilipokwisha, marafiki zake wa karibu walikuwa wamekufa wote isipokuwa mmoja. Na katika miezi ile ya ugonjwa ndipo alipoanza kuandika hadithi za ulimwengu ambao baadaye ungezaa vitabu unavyovishika kila usiku. Kwa hiyo usishangae kwamba vinakufaa. Vilitungwa na yatima, na huzuni yake imo ndani.

Hata neno la mumeo, Tolkien alikwisha kuambiwa. Mwaka 1939 alitoa mhadhara katika Chuo Kikuu cha St Andrews, Uskoti, akiwatetea wanaopenda hadithi za namna hii. Hoja yake ilikuwa kwamba wanaowabeza wanamchanganya mfungwa anayetamani kutoka gerezani arudi kwao na askari anayetoroka vitani. Wewe wodini hukutoroka. Ulikaa mpaka pumzi ya mwisho ya mama yako, na mtu wa namna hiyo ana haki ya kupumzika pale moyo wake unapotulia.

Tena mkumbushe mumeo, kwa upole, kwamba wazee wetu hawakuwaachia watoto peke yao hadithi za ajabu. Shaaban Robert aliandika Kusadikika, nchi nzima iliyo angani, na Adili na Nduguze yenye majini ndani yake, na vizazi vya watu wazima vimevisoma vitabu hivyo kwa heshima. Nahisi, hata hivyo, kwamba mumeo hana ugomvi na majitu. Anaona mkewe anaondoka kila usiku na yeye habebwi. Mweleze kinachotokea kifuani mwako ukifungua ukurasa. Huenda hajawahi kuambiwa.

Kuhusu mwenzako wa kanisani, Tolkien alikuwa Mkatoliki aliyeishika imani yake mpaka kufa. Na kisa chenyewe ni cha pete ya nguvu za giza ambayo wenye hekima wanakataa kuichukua iwe yao, na safari yote ni ya kwenda kuiangamiza. Hapo sioni mwaliko wa pepo yeyote.

Lakini mwanangu, jambo ulilolitaja mwishoni, kwa maneno machache kuliko mengine yote, ndilo lililonikalisha na barua yako. Baba yuko Lushoto peke yake.

Kwa kuwa vitabu hivyo unavijua, nitazungumza nawe kwa kupitia humo humo. Mna wazee wawili waliofiwa na watoto wao. Théoden, mfalme wa Rohan, tunamkuta amejiinamia katika ukumbi wenye kiza, mwanawe Théodred ameuawa, na mshauri mbaya anamnong'oneza kwamba ni mzee na hana analoliweza. Gandalf, mmoja wa wale wenye hekima, anamtoa nje, anamsimamisha kwenye upepo, aione nchi yake. Huzuni haimwishi, ila anarudi kuwa mtu kati ya watu wake. Denethor wa Gondor naye amempoteza mwanawe Boromir. Yeye anajifungia juu mnarani na jiwe lake linaloonyesha mambo ya mbali, analitazama mpaka hasemezeki, na mwana aliyebaki, Faramir, yuko hai chini ya dari lake hana wa kumwambia neno jema. Unajua alivyoishia. Wote wawili walipenda, na msiba wao ulikuwa mmoja. Mmoja alikubali kutoka nje.

Kitabu chako bado hakijawa jiwe la Denethor. Watoto unawalea, kazi za nyumbani unazimudu, na umepata nguvu ya kuniandikia. Ila safari ya Lushoto inakushinda, na nadhani unajua kwa nini: kule kuna kiti cha mama, jiko la mama, na hodi utakayopiga asiitikie yeye. Humkwepi baba. Unaukwepa mlango ule. Naye baba anaamka nyuma ya mlango huo kila siku.

Panda Jumamosi hii. Usingoje kujisikia tayari. Mwombe mumeo akusindikize, au mchukue mtoto mmoja, na vitabu vyako vitie kwenye mkoba, kwa sababu usiku utavihitaji. Si lazima mzungumze makubwa. Pika, kaa naye, muulize mama alikuwaje alipokuwa msichana, mambo ambayo ni yeye tu aliyebaki kuyajua. Ukirudi Tanga, weka saa ya kufunga kitabu ili upate usingizi, na siku moja moja uwasimulie wanao kisa kimoja kabla hawajalala. Ukiona usingizi umekukimbia kabisa, chakula hakipiti, au unatamani usingeamka, usikae na hilo peke yako. Nenda hospitali uombe kuonana na mtaalamu wa afya ya akili, na umwambie mumeo siku hiyo hiyo.

Nisalimie baba, na ukishashuka niandikie anaendeleaje.

Shangazi yako