SOMO: KOMPYUTA YA CHAMA ISOME DAFTARI LA MZANI



Katika mashamba ya chai ya Uganda na Rwanda mchumaji hulipwa kwa kilo. Penye mzani wa umeme, karani hubonyeza namba ya mchumaji, na mzani wenyewe huandika tarehe, namba na kilo katika faili lake. Mwisho wa mwezi hutoka hati ya mshahara. Je, kilo zilizolipwa ndizo zile zilizopimwa? Swali hili linahusu chakula cha watoto wetu, kwa hiyo tulisome somo hili polepole.

Tawi lenye kompyuta huweka majina ya wanachama, ada na hati za mishahara katika kanzidata. Kanzidata ni daftari kubwa lililopangwa kwa majedwali, nalo hujibu maulizo: nani hajalipa ada tangu Machi, nani amekatwa mara mbili. Lakini kilo za mzani hazimo humo. Ziko katika faili la mzani, zimeandikwa kwa mtindo wa mzani.

Njia iliyozoeleka ni kumkalisha mtu anakili mstari kwa mstari. Kazi hiyo huchelewa, na jicho likichoka 38 huwa 83. Zaidi ya hayo, tukifika mezani na mwajiri tunaambiwa: hizo namba mmejiandikia wenyewe.

Iko njia nyingine. PostgreSQL ni programu ya kanzidata isiyolipiwa hata senti, ambayo mizizi yake ni kazi iliyoanza mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Tangu toleo la 9.1, mwaka 2011, programu hii inaweza kuuliza data isiyoitunza yenyewe. Hufanya hivyo kwa kitu kiitwacho jedwali la nje. Jedwali hilo ni tupu: lina majina ya safu tu, yaani tarehe, namba na kilo, pamoja na maelezo ya mahali data ilipo. Faili linabaki palepale lilipo.

Katikati ya kanzidata na faili anasimama mkalimani. Sisi wa mashambani twamjua mkalimani, maana kambi moja huwa na lugha nne au tano. Huyu wa kompyuta ni programu ndogo inayoongezwa juu ya ile kubwa bila kuibomoa. Kanzidata humwuliza mambo machache tu: unakadiria mistari mingapi? Fungua faili. Nipe mstari mmoja. Nipe mwingine. Rudi mwanzo. Basi, funga. Fundi ajuaye lugha ya C aweza kumtengeneza mkalimani wa ghala lolote la data, hata lenye mtindo wa ajabu. Mkalimani wa mafaili ya kawaida, yale ya mistari iliyotengwa kwa mkato, huja pamoja na PostgreSQL yenyewe, na jina lake ni file_fdw. Mzani ukiwa na mtindo wake wa pekee, tangu toleo la 10 la mwaka 2017 file_fdw aweza kwanza kuendesha programu ndogo ya kunyoosha mistari hiyo, kisha akaisoma. Hapo hatuhitaji fundi wa C.

Jambo la kushika hapa ni kwamba file_fdw husoma tu. Hawezi kuandika, kufuta wala kubadili hata kilo moja. Hii ndiyo silaha yetu mezani: namba ni za mzani wa mwajiri, zimesomwa katika nakala aliyotukabidhi kwa makubaliano. Hatusemi mtu aingie katika kompyuta ya ofisi kwa mlango wa nyuma. Huo ni wizi, na utafukuzisha watu kazi.

Taabu zipo. File_fdw husoma faili zima kila anapoulizwa, hata kama unamtaka mchumaji mmoja. Kwa faili la mwezi mmoja hutaona shida, bali la miaka kumi litakuchosha. Tena mstari mmoja mbovu, herufi mahali pa namba, kwa kawaida hukata ulizo lote. Na faili likibadilishwa, jibu nalo hubadilika. Kwa hiyo nakala itiwe sahihi na pande zote mbili siku ya kukabidhiwa, na moja ifungiwe kabatini.

Sasa tuchukue mfano. Fundi ameunda jedwali la nje la mzani. Tunaiambia kanzidata: jumlisha kilo za mzani kwa kila namba kwa mwezi wa Mei, ziweke kando ya kilo za hati ya mshahara, nionyeshe zisizolingana. Jibu linatoka: namba 214, mzani kilo 1,046, hati kilo 989. Tofauti ni kilo 57.

Msikimbilie kupiga kelele. Uzito wa kikapu hukatwa, na umande pia, pale mkataba unaporuhusu. Mwakilishi achukue mkataba, ahesabu makato halali ya mwezi huo kwa idadi ya vikapu, ayaondoe katika zile 57. Tuseme makato halali ni kilo 26. Zinabaki kilo 31, na hizo ndizo za kuandikia madai, pamoja na tarehe moja moja, kwa sababu faili lina kila siku yake.